Muulize Fundi: Tai ya kufuma imenishinda

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu tai za hariri za kufuma, zile zenye ncha ya mraba kama zimekatwa na rula, nikasema jamani msizitundike, basi. Simu yangu haijapumzika tangu siku ile. Kumbe mnazo wengi, mmezificha makabatini tu. Nimechagua barua zinazofanana na za wengine, ambaye hajaiona yake anisamehe, nafasi ni ndogo na mhariri ana mkasi mkali kuliko wangu.

Shikamoo fundi. Nimerithi tai mbili za babu. Moja ya kawaida yenye ncha ya pembe, nyingine imenyooka chini, ina vitundu vitundu alafu ukiiminya inalia kama unakanyaga mchanga mkavu. Mjomba anasema hiyo ya pili ni sweta kuukuu lilikatwa vipande. Ni kweli? Na zinatengenezwaje? (Mjukuu)

Marhaba mjukuu. Mjomba anakutania lakini amekaribia ukweli kuliko anavyojua mwenyewe.

Ile ya kawaida ni kitambaa. Kitambaa kina mtande unaokwenda wima na mshindio unaoukatiza, nyuzi zimenyooka hazina mchezo, kwahiyo fundi inabidi akikate mshazari, digrii 45, ndio tai iweze kuvutika kidogo na kurudi, ukikikata wima tai inajisokota kifuani kama kamba. Mtindo huu wa vipande vitatu vya mshazari vinavyounganishwa ni wa Jesse Langsdorf wa New York, miaka ya 1920, na mpaka leo ndio tunashona hivyo hivyo. Ndani kuna kanvasi ya kuipa mwili, nyuma unapita mshono wa mkono ulioachwa legelege kwa makusudi.

Ya kufuma haina mtande wala mshindio. Ni uzi unaojipitisha kwenye vitanzi vyake wenyewe, safu juu ya safu, sawasawa na soksi au sweta. Kitanzi kinavutika kila upande kwahiyo hakuna haja ya mshazari, na mara nyingi hakuna kanvasi wala bitana, ulichoshika ni uzi mtupu. Na ndio maana ncha ni mraba: safu ya kwanza inaanza imenyooka na ya mwisho inaisha imenyooka, ukitaka pembe inabidi upunguze vitanzi kimoja kimoja au ukate na kushona, na kitu cha vitanzi ukikikata kinaanza kufumuka. Zipo za kufuma zenye pembe, nimeziona, mi naona zinajilazimisha tu kufanana na wenzake.

Ukitaka kumjibu mjomba vizuri mwonyeshe mistari. Tai ya kitambaa mistari yake inalala mshazari kwasababu ya ule mkato. Ya kufuma mistari inalala mlalo, maana fundi akimaliza safu anabadilisha uzi wa rangi nyingine na kuendelea, mstari unakaa palepale safu ilipo. Hata ukiiona kwa mbali mtu amevaa unajua.

Kuhusu kutengeneza kuna njia mbili kubwa. Moja ni mashine ya mduara inayotoa bomba, alafu bomba linalazwa flati linakuwa tai ya matabaka mawili, haina mshono nyuma. Nyingine ni mashine bapa, ile yenye mstari wa sindano na kigari kinachosukumwa kwenda na kurudi, inatoa utepe ambao unakunjwa na kushonwa nyuma katikati. Kwenye ile bapa fundi mzuri anapunguza vitanzi akifika sehemu ya shingo ili iwe nyembamba, na anakaza ufumaji hapo, kwasababu hapo ndipo kola inakunjwa juu yake na hutaki uvimbe. Ukishika tai ya babu upapase shingoni, kama pamekaza na pamepungua upana taratibu bila kukatwa, hiyo kazi ilifanywa na mtu aliyeijua.

Hizi mashine asili yake ni soksi. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kwanza ya kufuma, inasimuliwa Malkia Elizabeth I alimnyima hati ya ubunifu akihofia wafumaji wa mikono watakosa riziki, Lee akaiboresha ifume hata soksi za hariri nyembamba lakini Uingereza haikumfaa, akahamia Rouen kule Ufaransa. Kwahiyo hariri na vitanzi wanajuana zamani sana kabla tai haijaingia katikati.

Na ule mlio sasa. Kiwavi wa hariri anajizungushia uzi mmoja mrefu, mita mia kadhaa mfululizo, umefunikwa na gundi yake inayoitwa serisini. Gundi hiyo ni kama robo ya uzito wote. Ikichemshwa na sabuni inatoka, hariri inabaki laini na inateleza. Sasa wenye viwanda wakitaka ilie wanaipitisha kwenye asidi hafifu, mfano ile ya siki, nyuzi zinakuwa na ukavu fulani zikisuguana zinalia. Wafaransa wana jina lake, cri de la soie, kilio cha hariri. Uzi ukiwa umesokotwa sana alafu ukafumwa kwa kukaza unapata kitu kigumu kigumu kinachokwaruza mkononi, na ndio tunachokitaka, maana ugumu huo ndio unaoifanya tai isimame bila kanvasi. Tai ya kufuma inayoteleza kama leso ni nzuri kuishika lakini ukiifunga inalala.

Fundi habari za kazi. Mume wangu ana tai nyeusi ya kufuma anaipenda kuliko saa yake. Mi nikaitundika kwenye hanga pamoja na mashati nikijua naitunza. Miezi imepita, juzi kaivaa inamfika chini ya zipu na imekuwa nyembamba kama utepe. Anadhani amepungua mwili. Nifanyeje kabla hajajua? (Mke Mwenye Hofu)

Dada yangu, pole, na usijilaumu sana maana mimi mwenye safu hii nilifanya hivyohivyo. Tai yangu ya kwanza ya kufuma, ya kahawia, niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango nikaona fahari kila nikipita, nikasafiri, niliporudi ilikuwa inakaribia kugusa kitasa. Yani nilidhani kuna mtu kaja kuivuta.

Hakuna aliyeivuta, ni uzito wake yenyewe. Kitanzi ni duara, ukikining'iniza kinakuwa yai, kila kimoja kinarefuka kidogo sana lakini kuna mamia ya safu kutoka juu mpaka chini, jumlisha mwenyewe. Na kikirefuka lazima kipungue upana, ndio maana imekuwa utepe. Sufu ingekuwa na nafuu kwasababu uzi wake una mawimbi kama springi unajirudisha, hariri uzi wake umenyooka, ikishavutika haikumbuki ilikotoka. Inabidi uikumbushe.

Tandika taulo jeupe juu ya meza, ilaze tai uso juu bila fundo. Chukua pasi ya mvuke ishike juu ya tai, kama shibiri moja hivi, ISIGUSE, uache mvuke uipite mpaka uone imelegea na ina joto. Pasi ikigusa unavilaza vile vitanzi na tai inang'aa mahali hapo kama kiti cha basi, na mng'ao huo hautoki. Weka pasi pembeni, alafu kwa viganja viwili sukuma kutoka kwenye ncha kuja katikati, kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu, unaifupisha huku unaipanua. Usivute upana kwa vidole maana utatengeneza mabonde. Iache palepale mpaka asubuhi, ikiwa imelala. Ukiona imerudi nusu rudia tena kesho yake. Kurudi yote kabisa sikuahidi, inategemea imening'inia muda gani, lakini yangu ilirudi vya kutosha kuvalika na hakuna aliyeniuliza.

Ikibaki na urefu kidogo mwambie mumeo azungushe ile sehemu pana mara mbili badala ya moja kabla hajaipitisha juu, fundo linakula urefu. Kumkatia ndio la mwisho kabisa, na ukifika huko usimpelekee fundi wa suti, mpelekee mtu anayeshona sweta, anayejua kufunga vitanzi kabla hajakata.

Kuanzia leo inakaa kwenye droo. Ikunje mara mbili au nne ilale, au uizungushe kuanzia ncha nyembamba iwe kama konokono, bila kukaza. Fundo lifunguliwe kila siku, mwambie asiivue kupitia kichwani kama kitanzi cha ng'ombe, na akifungua arudi njia aliyoendea, sio kushika ncha nyembamba na kuchomoa, ile kuchomoa inavuta vitanzi vya shingoni na kuvisugua. Na baada ya kuvaliwa iachwe siku moja mbili ipumzike kabla ya kufungwa tena. Mfuko wa plastiki usiuweke, hariri inataka hewa, na dirishani kwenye jua usiiache maana jua linaichosha na kuipausha.

Kuhusu kumwambia mumeo, safu hii ni ya nguo tu.

Kaka fundi, nikifunga tai yangu ya kufuma fundo linakuwa kama ngumi. Kola haifungi vizuri, wenzangu kazini wananiuliza kama nimemeza kitu. Natumia Windsor niliyofundishwa na baba. (Ngumi Shingoni)

Windsor ndio tatizo ndugu. Lile fundo linazungushwa pande zote mbili, lilikuwa la kuinenepesha tai nyembamba ya kitambaa, sasa wewe umelipa tai ambayo tayari ni nene, bomba la matabaka mawili. Hata nusu Windsor mi siipendi kwa hizi.

Funga lile fundo la kwanza kabisa ambalo kila mtu anajifunza: pana juu ya nyembamba, izungushe nyuma mara moja, irudi mbele, ipite chini ya shingo, ishuke kwenye kitanzi ulichotengeneza. Basi. Litatoka limepinda kidogo upande mmoja, usilinyooshe, kupinda ndio uzuri wake. Na kile kibonde ambacho watu wanakitafuta katikati chini ya fundo, kwenye tai ya kufuma kinakuja kikitaka, kisipokuja usihangaike nacho.

Jambo la pili kaza kwa kusukuma fundo juu kwa vidole huku mkono wa pili umeshika tu ncha nyembamba ikae tuli. Wengi wanakaza kwa kuvuta ile pana kwenda chini kama wanapiga kengele. Na uifunge fupi kidogo kuliko kawaida yako, ikiishia juu tu ya mkanda wa suruali sawa, kwasababu ndani ya dakika chache itashuka yenyewe.

Fundi nisaidie haraka, kamba ya saa imekwama kwenye tai ya hariri ya kufuma, uzi umetoka kama kitanzi kirefu mbele kabisa kifuani. Mkasi ninao mkononi. (Niko Ofisini)

WEKA CHINI HUO MKASI.

Natumai ulisubiri jarida litoke. Ukikata uzi kwenye kitambaa unapata kijishimo, ukikata uzi kwenye kitu cha kufuma unafungua mlango, kitanzi cha jirani kinakosa cha kukishika, kinaachia kinachofuata, na ndani ya siku chache una ngazi kutoka kifuani mpaka chini kama soksi ya nailoni iliyochanika. Habari njema ni kwamba uzi uliotoka haujapotea, umekopwa tu kutoka kwa majirani zake. Ukiangalia pande mbili za kile kitanzi utaona vitanzi vimebanwa vimekuwa vidogo, vile ndivyo vinadai.

Vua tai uilaze. Shika pande mbili za mahali palipoharibika uvute taratibu kwa mlalo, alafu kwa wima, mara kadhaa, kidogo tu, mara nyingine uzi unarudi wenyewe bila kuguswa. Kama haurudi chukua sindano butu, ile ya kushonea sweta, uanze kugawa ule uzi: ingiza ncha kwenye kitanzi cha jirani uvute kidogo, cha pili yake kidogo, cha tatu, unakwenda hivyo mpaka ule mrefu umeisha. Ni kazi ya subira, fanya mchana kwenye mwanga. Kikibaki kipande kidogo kinachochungulia, pitisha sindano ya kroshia nyembamba kutoka nyuma ukivute kiingie ndani, kikae upande wa mgongo ambao hakuna anayeuona. Hakuna gundi hapa wala kiberiti, kuna mtu aliniandikia kwamba aliunguza ncha ya uzi kama anavyofanya na nailoni, sasa ana tundu.

Kama uzi umeshakatika kabisa usiivae tena mpaka itibiwe. Pitisha uzi mwingine kwenye vile vitanzi viwili vitatu vilivyo wazi ili visikimbie, alafu tafuta mtu wa kufuma.

Na kwa kinga: saa ya mkanda wa chuma, kamba ya kitambulisho yenye klipu, kucha za paka, zile nata za krrr za mabegi. Klipu ya tai yenye meno nayo ni adui, tumia inayobana kwa uso laini. Ajabu ni kwamba pini yenye ncha haina shida sana, kwenye tai ya kitambaa cha hariri inaacha alama lakini kwenye ya kufuma inapita katikati ya nyuzi, ukiichomoa vitanzi vinajirudi kama hakijatokea kitu. Iwe nyembamba tu na isiwe na kutu.

Mafuta ya chakula yamedondokea tai yangu. Nimesugua na maji ya sabuni ya unga sasa kuna duara kubwa kuliko doa lenyewe. Nipeleke drai klina? (Mlaji)

Ndugu Mlaji, umefanya makosa mawili kwa mpigo na nakuambia kwa upendo. Kusugua kumechubua nyuzi, ndio ile hali ya kama ukungu unayoiona, na maji yamesomba rangi na uchafu mpaka ukingoni yakauacha hapo, ndio duara. Hariri ikilowa inapungua nguvu, kwahiyo kuisugua ikiwa imelowa ni kumpiga mgonjwa. Sabuni ya unga ya kufulia mashati nayo ni kali mno kwa hariri. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini ndio usiisogeze kabisa, ile inakula uzi wenyewe.

Ingekuwa bado mbichi ungeweka kitambaa cheupe chini, kingine juu, ukabonyeza tu, bonyeza inua, bonyeza inua, mpaka kitambaa kinakosa cha kunyonya, alafu unamwagia poda ile ya mwilini isiyo na rangi, unaiacha usiku kucha inywe mafuta, asubuhi unakung'uta na brashi laini ukifuata mstari wa vitanzi. Madoa mengi madogo ya mafuta yanaondoka hivyo. Ambalo limebaki unavaa koti juu yake.

Kwa hali yako sasa ndio, nenda drai klina, lakini usiiache kaunta ukaondoka. Mwambie kwa mdomo wako hii ni ya kufuma, isipigwe pasi, isitundikwe, uniandikie kwenye tiketi. Mimi nina tai ilirudi imepigwa pasi mpaka imekuwa karatasi, jamaa akanikabidhi huku anatabasamu akiamini amenifanyia hisani, imekunjwa mistari miwili pembeni kama suruali. Ule mwili wote wa vitundu ulikuwa umelala, na haukurudi wote hata kwa mvuke.

Fundi, hizi tai ni za kuvaa wapi? Nina usaili, nina harusi ya rafiki, na nina suti moja ya bluu. (Suti Moja)

Harusini vaa bila hofu, labda iwe imeandikwa suti nyeusi na tai ya kipepeo. Usaili inategemea, kama ni mahali ambapo mabosi wanavaa suti zinazong'aa na viatu vinavyong'aa, vaa ya kitambaa tu usiwape cha kujadili, pengine popote ya kufuma ya bluu iliyokolea au nyeusi inakubalika kabisa.

Uso wake hauakisi mwanga, ni mkavu, kwahiyo unapenda majirani wenye mwili: koti la sufu nzito, pamba, kitani, bleza, shati la kola yenye vifungo. Kwenye suti laini sana inayoteleza inaonekana kama imeazimwa. Upana wa hizi unakuwa sentimita 5 mpaka 7, suti yako ikiwa na kola ya koti pana kama masikio ya tembo chukua ya 7. Rangi anza na bluu nzito, ya pili kahawia au zambarau iliyoiva, zile za madoadoa subiri kwanza. Ingawa zile za madoa ambayo yamedariziwa kwa mkono juu ya ufumaji, moja moja, eh, hizo mi ni mgonjwa wazi siwezi kukushauri vizuri.

Halafu uzuri mwingine ambao watu hawausemi: safarini haina mfanowe. Haikunjamani. Unaizungusha unaiingiza ndani ya kiatu, ukifika unaitikisa unavaa.

Nitajuaje kama ni hariri kweli? Muuzaji ameapa. (Tomaso)

Kiapo hakifumi. Iminye karibu na sikio kwanza, ikilia ule mlio mkavu ni dalili nzuri ila sio ushahidi, kuna hariri halisi hazilii kwasababu hazikupitishwa kwenye asidi. Ushahidi uko kwenye uzi. Tafuta kijiuzi kilichobaki ndani nyuma kwenye mshono, cha kukatika bila madhara, sio cha kwenye tai yenyewe tafadhali, umeshasoma yaliyompata mwenzako hapo juu. Kishike kwa kibano juu ya sahani, kiwashe. Hariri inaungua polepole, inanuka nywele zilizoungua, inaacha majivu meusi yanayosagika kwa vidole. Poliesta inayeyuka, inanuka plastiki, inaacha kishanga kigumu. Sufu nayo inanuka nywele lakini sufu na hariri hata kipofu anazitofautisha kwa mkono. Ikinuka karatasi ni pamba.

Yangu ina vitundu kama ya kufuma lakini ina ncha ya pembe na ndani kuna kanvasi. Nimeitunza kama sweta kama ulivyosema. Niko sawa? (Njia Panda)

Hiyo sio ya kufuma, hiyo ni grenadini. Ni kitambaa kabisa, kina mtande na mshindio, isipokuwa nyuzi za mtande zinapishana zinajisokota kila zikikutana na mshindio, ndio zinaacha vile vitundu bila kulegea. Zinatengenezwa sana Como kule Italia, wengine kwa mitambo ya zamani sana, zipo za vitundu vidogo na za vitundu vikubwa. Wauzaji wengi wanazichanganya na hizi zetu. Geuza uangalie mshono wa nyuma, ukiona imekatwa mshazari na kuna kanvasi inachungulia umepata jibu. Unaweza kuitundika, kwenye droo pia haitalalamika. Onyo la mkasi linabaki.

Mimi nafuma sweta na kofia miaka mingi. Nataka nimfumie mwanangu tai ya hariri kwa sindano mbili. Inawezekana au nitajiaibisha? (Mama Sindano)

Mama, inawezekana, na heshima yako, lakini sahau mazoea ya sufu. Sufu inakusamehe, ukifuma legelege inajikusanya yenyewe. Hariri inaonyesha kila kosa.

Nunua uzi uliosokotwa kwa nguvu, sio ule mwororo unaoteleza, na ushuke kwenye sindano za milimita 2 au 2 na nusu hata kama lebo ya uzi inasema kubwa zaidi. Chagua sindano za mbao au mianzi, za chuma hariri inazikimbia. Usifume ule ufumaji wa sweta wa kawaida wa uso laini mbele, kingo zitajikunja ndani kama jani kavu, fuma ule wa kupishanisha, kitanzi cha mbele kimoja cha nyuma kimoja na safu inayofuata kinyume chake, unatoa punje punje, unalala flati na hauvutiki ovyo. Kitanzi cha kwanza cha kila safu usikifume, kihamishe tu, ukingo utatoka safi. Anza na upana wa sentimita 6, ukikaribia shingoni punguza vitanzi kidogo kidogo mpaka kama 3 na nusu, nenda hivyo mpaka mwisho, urefu wote sentimita 145 hivi.

Ila kabla ya hayo yote fuma kipande cha majaribio, kirefu kama kiganja mpaka kiwiko. Kipime. Kifunge kijiko kwenye ncha moja ukining'inize usiku mzima. Asubuhi kipime tena, ile tofauti uitoe kwa uwiano kwenye hesabu ya urefu wa tai. Ukiona kimerefuka sana shuka sindano nyingine ndogo ufume kipande kipya, usijidanganye kwamba tai itakuwa tofauti. Na kama mikono yako inajua kroshia zaidi fikiria kroshia, vifundo vyake vimejifunga kuliko vitanzi na havirefuki haraka, sura yake ni nzito kidogo lakini mwanao hatakwambia.

Bitana usiweke. Ukimaliza iloweshe kwa mvuke tu, ibane na pini zisizo na kutu juu ya taulo mpaka ikauke, alafu nitumie picha kabla hujampa.